Nyumba ya Rangi Mbili

Katika miaka ya karibuni umeenea mtindo mmoja wa kupamba nyumba, kutoka Kunduchi na Mbezi mpaka Bunju, Mapinga, Kerege na Bagamoyo yenyewe. Kuta huwa nyeupe pe, fremu za madirisha nyeusi ti, geti jeusi, marumaru za sakafuni nyeupe na nyeusi kwa zamu kama ubao wa drafti, makochi meusi juu ya zulia jeupe. Kama jambo hili lingaliitwa mtindo tu, pasingalikuwa na haja ya kulijadili, maana kila zama ina mitindo yake na kila mwenye nyumba ana hiari katika nyumba yake. Lakini mtindo huu umepewa jina kubwa zaidi: huitwa asili. Wauza samani, wapambaji, na baadhi ya wasomi ambao ingalifaa wajue zaidi, wasema kuwa pwani ya Waswahili tangu kale ni nyeupe na nyeusi: chokaa na boriti, kanzu na buibui, pembe na mpingo. Kwao, mwenye kuweka mto mwekundu katika chumba cha namna hiyo ameharibu urithi. Nao huwakumbusha watu methali kuwa mwacha asili ni mtumwa.

Dai hilo si kweli. Tena si kosa dogo la wapenda mapambo, kwa sababu kwa jina la asili hiyo kuta za kale hupakwa vitu visivyozifaa, na habari za watu waliovikwa rangi hizo mbili bila ya hiari yao husahauliwa. Yafaa lijibiwe hoja kwa hoja.

Shahidi wa kwanza ni lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa ukuta mweupe, mlango mweusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine zimeazima majina ya vitu: kijani imetoka katika jani, kijivu katika majivu, manjano katika kiungo cha mchuzi, zambarau katika tunda lake, samawati katika neno la Kiarabu la mbingu. Hata tanakali za sauti zashuhudia jambo hili. Nyeupe ina pe yake, nyeusi ina ti yake, na nyekundu ina pyu yake. Waliounda lugha hii walihesabu rangi za msingi wakapata tatu. Anayetaka kujenga nyumba ya asili hana budi kufuata hesabu hiyo. Akiishia kwenye mbili amefanya kama mtu aliyepika juu ya mafiga mawili, kisha akashangaa kuona chungu kimepinduka.

Wala maneno hayo si membamba kama kopo la rangi. Kaniki, kitambaa kilichotiwa nili, ni buluu iliyokoza sana. Wenyeji wakaiita nyeusi. Alfajiri ikipambazuka husemwa kumekuwa kweupe, ingawa mbingu huenda zikawa za kijivu au za waridi. Mtu huyohuyo huitwa mweusi au mwekundu kwa kulinganishwa na aliyesimama karibu naye. Nyeupe na nyeusi za Kiswahili ni nyumba pana zenye vyumba vingi. Nyeupe na nyeusi za wapambaji wa leo ni rangi mbili za dukani zenye nambari, na jina la zile za kwanza limebandikwa juu ya hizi za pili.

Shahidi wa pili ni ukuta wenyewe. Weupe wa nyumba za mawe za pwani haukuchaguliwa na mpambaji, ulitoka baharini. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya duara la magogo yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji au yakaachwa yanyeshewe na mvua mpaka yakavunjika kuwa unga. Unga huo ndio uliounganisha mawe ya ukuta, ndio uliopigwa lipu, na ndio uliopakwa juu ya lipu. Chokaa hiyo huwa na weupe wa maziwa siku ya kupakwa. Baada ya masika moja huingia umanjano. Baada ya masika kadhaa huota madoa ya kijivu na ya kijani, ndipo hupakwa tena. Weusi wa boriti na wa milango nao ni hivyo hivyo. Mkoko unapokatwa si mweusi. Gome lake lina wekundu mwingi hata hutumika kutia ngozi rangi. Mlango wa mvule ulianza maisha yake ukiwa karibu na rangi ya asali. Moshi, mafuta, jua na mikono ya watu ndivyo vilivyoutia giza.

Basi mwenye kutazama jumba kuukuu la Bagamoyo akaona nyeupe na nyeusi, aona uzee wa nyumba, naye hudhani kuwa ni mpango wa mjenzi. Ni kama mtu aliyekutana na babu mwenye mvi akafikiri kuwa babu alizaliwa nazo. Tena wengi hawakulitazama jumba, walitazama picha. Picha za Bagamoyo za karne ya 19 na za wakati wa Wadachi, ambao makao yao makuu yalikuwa hapo mpaka mwaka 1891, zilipigwa kwa vyombo visivyoweza kushika rangi. Udhaifu wa kamera umegeuzwa kuwa tabia ya mji. Kanga nyekundu aliyovaa mwanamke mbele ya baraza iliingia katika picha ikiwa kijivu, na mjukuu wake leo aambiwa kuwa bibi yake hakupenda rangi.

Na nyumba za mawe hazikuwa mji wote. Watu wengi walikaa katika nyumba za miti, fito na udongo, zenye makuti juu, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele. Rangi za nyumba hizo zilikuwa rangi za ardhi yenyewe: nyekundu, kahawia na kijivu, na ndani yake ilitandikwa mikeka ya ukindu uliotiwa rangi kabla ya kusukwa. Anayesema kuwa pwani ni nyeupe na nyeusi amewatoa watu hao katika historia kabla hata hajabisha hodi.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika majumba ya Lamu na Pate kuta nyeupe zilichongwa zidaka, na katika zidaka zikapangwa sahani na bakuli za ng'ambo zenye rangi zao. Weupe wa chokaa ulikuwa uwanja, na rangi ndizo zilizocheza ngoma. Kwa mwenye shaka, hapana haja ya safari ya mbali. Na aende Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Huko yapo makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo, na katika nguzo hizo zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Na aende Kaole pia, kusini kidogo ya Bagamoyo, kwenye magofu aliyoyachimba Neville Chittick mwaka 1958: nguzo za makaburi zimeachiwa nafasi za bakuli. Wenye makaburi hayo walikuwa na chokaa tele. Kama wangaliutaka weupe mtupu, wangaliupata kwa gharama ndogo. Badala yake walivilipia vyombo vilivyokwisha kuvuka bahari nzima, wakavitia ukutani ili hata maiti asikae pasipo rangi. Itakuwaje basi walio hai waambiwe kuwa asili yao ni kukaa bila ya rangi?

Yafaa kukubali kuwa wapinzani wana shahidi mmoja mwenye nguvu, naye ni kiti cha enzi. Kiti hicho cha pwani ya kaskazini hutengenezwa kwa mpingo, kikatiwa njumu za pembe au za mfupa: nyeusi na nyeupe kweli kweli. Lakini kiti hicho kilikuwa kimoja au viwili katika nyumba kubwa. Akakalia mgeni wa heshima. Uzuri wake ulitokana na kuwa peke yake. Sebule iliyojazwa weusi na weupe pande zote haina mahali pa kuweka kiti cha enzi, maana hapana kitu kitakachoonekana kuwa tofauti na kingine.

Tena, pembe zilizopita Bagamoyo hazikupita ili zipambe Bagamoyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji na Tabora, wapagazi kwa maelfu wakishuka na pembe mabegani mpaka pwani. Kutoka hapo pembe zilivushwa Unguja, na kutoka Unguja nyingi zilikwenda Marekani. Katika jimbo la Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, viwanda vilizipasua zikawa vigae vyembamba vya kubandika juu ya vibonyezo vyeupe vya piano. Na vibonyezo vyeusi vikatengenezwa kwa mpingo na miti mingine migumu. Kwa hiyo nyeupe na nyeusi zilizokuwa fahari ya sebule katika zama zile zilikuwa za sebule za watu wengine. Kilichobaki Bagamoyo ni njia yenyewe na kumbukumbu ya waliokufa njiani. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo mpambaji aja na kinyago cha mpingo na pembe ya bandia, aviweka juu ya meza nyeupe, asema: huu ndio urithi wenu.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya nguo. Bidhaa zilizobadilishwa kwa pembe katika misafara zilikuwa shanga, nyaya za shaba na vitambaa. Na katika vitambaa viwili vilitangulia, merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba isiyopauka, iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa na Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa Salem katika Massachusetts, tangu miaka ya 1830, mpaka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza biashara hiyo na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikashika nafasi. Kaniki ilikuwa kitambaa cha nili. Moja nyeupe, nyingine nyeusi: hizo ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa. Laura Fair, katika kitabu chake juu ya Unguja baada ya utumwa kilichotoka mwaka 2001, ameonyesha jinsi watumwa walivyovaa merikani na kaniki, na jinsi wanawake, baada ya sheria ya mwaka 1897 kuondoa utumwa Unguja, walivyozitupa nguo hizo na kushika kanga za rangi na za maua. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922 kupata sheria kama hiyo. Kanga haikuwa anasa ya wanawake wasio na kazi. Kwa aliyezaliwa katika kaniki, kanga ilikuwa hati ya uhuru aliyoweza kuivaa barabarani pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Hapa methali ya wapinzani huwageukia wenyewe. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini katika pwani hii aliyenyimwa rangi ndiye aliyekuwa mtumwa, na rangi ndiyo aliyoikimbilia alipoachwa huru. Kumwambia mjukuu wa mwanamke huyo kuwa uungwana ni kuishi kati ya merikani na kaniki, ni kumrudishia mzigo ambao bibi yake aliutua.

Watajibu: je, kanzu si nyeupe, na buibui si jeusi? Ndiyo. Lakini buibui halikuenea katika pwani hii mpaka karibu na mwanzo wa karne ya 20, nalo ni vazi la njiani; mwanamke akifika nyumbani hulivua, na chini yake huonekana kanga au dera lenye kila rangi. Itakuwa ajabu nyumba ivae buibui ndani, mahali ambapo mwenyewe amelivua. Kanzu nayo hushonwa nakshi shingoni, na ilipofika Buganda ilitiwa nakshi ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Na ikiwa mfano wa mavazi watakiwa, upo bora kuliko yote: kisutu. Kanga hiyo ya arusi ina nyeupe, ina nyeusi, na ina nyekundu, rangi tatu zilezile zilizomo katika sarufi. Bibi arusi wa pwani akitaka kuanza nyumba mpya hakuvikwa rangi mbili.

Zimesalia hoja za manufaa: kwamba mtindo huu ni safi, ni rahisi, na haupitwi na wakati. Haya yangaliweza kuwa kweli katika nchi kavu na baridi. Kandokando ya barabara ya Bagamoyo hewa ina chumvi na unyevu, na masika huanza Machi yakamalizika Mei. Ukuta mweupe wa rangi ya dukani huota kuvu nyeusi kwenye pembe; geti jeusi huonyesha kila chembe ya vumbi na ya chumvi; sakafu nyeusi karibu na mlango hulifyonza jua la saa sita mpaka mtoto hawezi kuikanyaga bila ya viatu. Nyumba ya namna hiyo huhitaji mtumishi wa kuifuta kila siku. Wepesi wake ni wepesi wa machoni pa mgeni alalaye siku tatu katika hoteli ya ufukoni, ambako wapo watu wa kufuta. Mwenyeji hana siku tatu. Ana miaka thelathini.

Lakini madhara makubwa huzipata nyumba za kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole kama ngozi itoavyo jasho. Mwenye haraka ya kuupata weupe usio na doa huubandua ule wa chokaa, akapiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya plastiki. Kwa mwaka wa kwanza ukuta hupendeza. Kisha maji yaliyofungiwa ndani yakosa pa kutokea. Yapanda juu, chumvi yajikusanya nyuma ya lipu, na lipu yabanduka pamoja na ngozi ya ukuta. Vichwa vya boriti, ambavyo vimelala ndani ya ukuta, vyaoza kwa siri. Kichwa cha boriti kikioza dari haina pa kushika. Hivyo nyumba iliyostahimili kaskazi na kusi kwa zaidi ya miaka mia huweza kuangushwa na watu walioipenda. Mlango wa nakshi nao ukipakwa rangi nyeusi ya mafuta mara mbili tatu, mashimo ya patasi huziba, na kazi ya fundi aliyekwisha kufa huwa kama maandishi yaliyomwagiwa wino.

Na mtindo huu, hata kwa walioutunga, haukupata kuwa kweli nzima. Mwaka 1925 Le Corbusier, mjenzi mashuhuri wa Ulaya, aliandika kuwa kila mtu angefaa kulazimishwa kuondoa mapambo na mapazia na kupaka kuta zake nyeupe. Watu wengi walimfuata. Lakini yeye mwenyewe alitia nyumba zake rangi za waridi, za buluu na za udongo, na mwaka 1931 akatoa kwa ajili ya kampuni ya karatasi za ukutani mpango mzima wa rangi teule. Mwalimu alihubiri weupe, naye akakaa na rangi. Wanafunzi wakashika mahubiri wakaacha maisha. Kisha mahubiri hayo, yaliyochoka huko yalikozaliwa, yakaja pwani ya Afrika kwa njia ya hoteli na majarida, yakajiita ya kienyeji.

Hapana atakaye sheria ya rangi. Mwenye nyumba Mapinga au Kerege akipenda nyeupe na nyeusi, na apake, mradi aseme kuwa amependa. Asiseme kuwa ameamriwa na mababu. Mwenye nyumba ya mawe Bagamoyo ana wajibu mkubwa zaidi, maana ameshika amana. Weupe wake na uwe wa chokaa, upakwe upya kila unapochakaa. Weusi wake na uwe wa mti uliolishwa mafuta. Na baada ya hayo mawili asiogope la tatu. Mkeka wa rangi, mto wa kisutu, sahani ya maua katika kidaka: vitu hivi havigharimu zaidi ya kochi moja jeusi, na ushahidi wake umeandikwa katika makaburi ya Kunduchi.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana kazi katika jambo hili, wasidhani kuwa ni la mafundi peke yao. Mafundi wanaojua kuchoma chokaa, na majina ya vipande vya mlango, na namna ya kupanga boriti, wazeeka. Kila mmoja anapokufa, maneno yake huzikwa naye, na mahali pa maneno hayo huja maneno ya dukani. Wapambaji wameweza kusema kuwa pwani ilikuwa na rangi mbili kwa sababu wale waliojua rangi zake hawakuulizwa. Na waulizwe sasa, kalamu ikiwa mkononi, kabla nyumba na maneno yake havijapakwa rangi moja.